Sindano ya Ganzi Niliyoikataa Siku Tatu

Wanawake watatu wa kata yetu ya Gitting wameniuliza habari za goti langu, na kila mmoja nilimjibu nusu tu, kwa sababu alinikuta na kazi. Sasa mahindi yamekwisha kuvunwa. Ninamwambia mjukuu wangu Juliana, naye anaandika. Mimi sikupelekwa shule. Juliana akimaliza ukurasa hunisomea, na nikisikia neno ambalo si langu, hulifuta. Maneno haya ni kwa yeyote ambaye goti lake limemshinda na ameambiwa kwamba lipo jingine la chuma.

Sitaeleza ugonjwa wenyewe unatoka wapi, maana kila daktari alinieleza kwa namna yake. Nitasema nilichokiona. Goti la kulia lilianza kukwaruza nilipokuwa nikipanda kutoka shamba la bondeni. Baada ya miaka kadhaa mguu ulipinda kwa nje kama mpini uliokatwa ukiwa mbichi, na nikawa nashuka mteremko kinyumenyume, nikishika majani. Niliacha kwenda bondeni. Kisha niliacha kukamua ng'ombe, kwa sababu kuketi kwenye kigoda ningeweza, lakini kuinuka kulihitaji watu wawili. Mwisho niliacha kwenda kanisani. Imani sikuikosa, sikutaka kubebwa mbele ya watu ambao ningeweza kuwazaa.

Mwanangu Emanuel anaishi Babati. Alijenga huko baada ya mkoa wa Manyara kukatwa kutoka Arusha na Babati kuwa mji wa ofisi. Nyumba yake ina sakafu ya vigae na choo cha kukalia, na kila alipokuja aliitazama nyumba yangu kama mtu anayetazama mzigo.

"Mama, huku ni milima mitupu. Kule ni tambarare. Utapumzika."

"Nitapumzika nikifa. Hapo utanipeleka popote."

Hatimaye tuliafikiana mbele ya katekista wetu, ili asije mmoja wetu akageuza maneno. Ningefanyiwa upasuaji na kuwekewa goti la chuma. Baada ya mavuno goti likikubali kushuka hadi bondeni na kupanda tena, ningebaki Gitting hadi mwisho wangu. Likikataa, ningehamia Babati bila kelele. Nilikubali, lakini nilimtilia shaka tangu siku hiyo, kwa kuwa aliafiki upesi mno.

Hospitali ilikuwa ya rufaa, mbali na kwetu, nje ya mkoa. Tulikwenda mara tatu kabla ya upasuaji, na mara zote tatu niliketi kwenye benchi refu la mbao, nimeshika bahasha ya picha ya mifupa yangu. Mabenchi ya hospitali humfundisha mtu kuchunguza. Niliona nani ameitwa kabla ya zamu yake. Nilimwona mzee mmoja akiingia anachechemea na kutoka anachechemea vilevile, akisema amepona. Jambo hilo sikulipenda.

Siku ya upasuaji maharage yalikuwa yanatoa maua. Walinichoma sindano ya mgongo, na nusu yangu ya chini ikaondoka. Nilikuwa macho nyuma ya pazia la kijani, nikasikia msumeno, kisha nyundo, kama fundi anayetengeneza kitanda. Sikuogopa. Kazi inayopiga kelele naijua. Nayo ilikuwa inafanyika kweli.

Shaka ilianza alasiri, nikiwa wodini. Vidole vya mguu vilikuwa vimerudi, paja limerudi, lakini goti lilikuwa kimya. Akaja binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, jina lake Neema, akanipa shikamoo, akanisimamisha kwenye fremu ya chuma. Nikasimama. Nikapiga hatua nne. Emanuel alicheka kwa furaha, akanipiga picha kwa simu.

Mimi sikucheka. Mfupa umekatwa kwa msumeno asubuhi, jua halijatua mtu anatembea?

"Binti," nikamwambia Neema, "maumivu yangu mmeyaweka wapi?"

"Yamefungwa kwa ganzi, bibi. Daktari kabla ya kushona alikuchoma sindano ndogondogo kuzunguka goti. Itaisha kesho, na tutakuchoma nyingine ili uweze kulikunja. Hukuelezwa?"

Nilisema sikuelezwa. Juliana, ambaye alikuwa muuguzaji wangu siku zote zile, anasema nilielezwa na nikaitikia. Hilo nimemruhusu aliandike.

Sasa anayesoma lazima ajue ni kwa nini neno ganzi liliniingia vibaya.

Mume wangu alipofariki, watoto walikuwa wadogo na jozi yetu ya kulimia ilikuwa imebaki na maksai mmoja. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Zamani dawa za mifugo zilikuwa kwa bwana mifugo wa serikali peke yake. Sasa kila kituo kilikuwa na duka, na mtu yeyote aliweza kununua chupa na sindano akaziweka kwenye mfuko wa koti. Nilikwenda mnadani nikachagua maksai mwekundu, mwenye kifua kipana, aliyetembea vizuri kuliko wote. Nikampeleka nyumbani njia yote ya mlima. Asubuhi yake alikuwa amelala, mguu wa mbele umevimba, hawezi kuukanyaga. Bwana mifugo alipompima alionyesha alama ya sindano juu ya kwato. Muuzaji alikuwa ameunyamazisha mguu mbovu kwa siku ya soko. Na yule mnyama, kwa kuwa hakusikia kitu, aliukanyagia ule mguu mlima mzima mpaka kiungo kikavunjika ndani. Tulimchinja. Mwaka ule nililima kwa jembe la mkono, na mikono yangu haijanyooka tangu hapo.

Kwa hiyo nilikuwa nimelala pale nikijua mambo mawili. Maumivu ni mlinzi wa mguu. Na anayemfukuza mlinzi ana mpango wake.

Kesho yake kabla ya saa nne ganzi ilikwisha, na maumivu yakaingia. Sitayapamba. Goti lilikuwa limevimba kama boga, ngozi imevutika inang'aa, na paja lilikuwa jeusi-zambarau hadi nyuma. Kila pigo la moyo nililisikia ndani ya goti. Katika hali hiyo alikuja daktari wa ganzi, kijana mrefu, na trei yenye sindano, akafunua shuka yangu kabla ya kusema neno lolote.

"Funika," nikamwambia.

"Ni ganzi tu, bibi, tunachoma hapa pajani..."

"Nimesema funika. Umenikuta hapa, umenisalimu?"

Alifunika, akanipa shikamoo, nami nikaitikia, kwa sababu salamu ni haki ya kila mtu. Lakini sindano niliikataa. Alinieleza kwamba haidhuru, kwamba goti lisipokunjwa siku hizi za kwanza hujifunga kwa makovu ndani. Nikamuuliza ni nani amemwagiza. Akasema ni utaratibu. Nilikuwa nimemwona Emanuel mlangoni akizungumza naye kwa sauti ya chini, na nikayaunga mambo hayo mawili: wanichome, nitembee vizuri mbele ya madaktari, niruhusiwe haraka, kisha goti livunjike ndani nikiwa sisikii, na safari ya Babati iwe imekamilika.

Nilikataa siku ile, na ya pili, na ya tatu. Vidonge nilivimeza, kwa kuwa vidonge havikulinyamazisha goti, vilinipunguzia makali tu. Neema alikuja asubuhi na jioni. Alinilaza chali, akaniambia nivute kisigino kuelekea kwenye nyonga, na mahali kisigino kilipofika alibandika kipande cha plasta kwenye shuka ili nione. Siku ya kwanza kisigino kilisogea shubiri moja. Siku ya pili, shubiri moja. Siku ya tatu, pungufu ya shubiri, na jasho likanitoka hadi kwenye kilemba.

"Bibi," Neema alisema, "sitaki kukutisha. Goti hili linaanza kuganda. Mteremko unaousema kila siku, kwa goti hili hutaushuka."

Emanuel alisikia. Akaketi pembeni ya kitanda, akaanza kusema habari za chumba cha nyuma, kwamba amekipaka rangi.

"Umekipaka lini?"

"Mwezi uliopita."

"Kabla sijapasuliwa."

"Mama, kila jambo unalitafutia mwizi!"

"Na wewe unaweka kitanda kabla mgonjwa hajashindwa!"

Alitoka nje. Juliana alilia, nami nikamkemea, jambo ambalo ninalijutia. Alikuwa ameninawisha miguu kila siku kwa maji ya vuguvugu, ule mguu mbovu kwa kitambaa laini na mzima kwa mkono, na hakuwahi kulalamika.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama wa Kibarabaig kutoka Basotu, aliyevunjika nyonga. Jina la mwanawe ni Gidahoda, basi tulimwita Mama Gidahoda. Sisi wakulima na wao wafugaji ni majirani wa tangu zamani, tena majirani wanaohesabiana kila kitu. Siku tatu alikuwa amenitazama bila kusema. Emanuel alipotoka, akaniuliza ni kwa nini naogopa sindano kuliko kisu. Nikamweleza habari ya yule maksai.

Alicheka mpaka akashika nyonga yake.

"Kumbe nyinyi wa jembe hununua ng'ombe kama chumvi! Umelipa siku hiyohiyo?"

"Nimelipa."

"Na umempeleka nyumbani siku hiyohiyo?"

"Ningemwacha wapi?"

"Umfunge palepale, mama! Kwetu mtoto mdogo anajua. Ng'ombe akitembea vizuri sana, unamwambia muuzaji, ngoja. Analala amefungwa, mnamlinda wote wawili, asubuhi dawa imeisha. Unampitisha kwenye mawe. Akipita, mnunue. Akishindwa, mwenyewe aende naye." Akanyoosha kidole kwenye goti langu, akasema, "Mguu ni wako, kamba unayo. Mfunge basi, uone."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Sikumwamini daktari, wala mwanangu, wala, kwa kweli, huyo mama wa Basotu. Lakini jaribio halimhitaji mtu wa kuaminiwa. Nilimtuma Juliana amwite Neema na yule daktari wa ganzi, nikawaambia masharti yangu. Nitachomwa mara moja. Kisigino kitavutwa, mahali kilipofika pawekwe alama. Kisha asinichome mtu tena mpaka ganzi iishe yote na maumivu yarudi, halafu kisigino kivutwe tena. Kikibaki mbali na alama, sindano ni udanganyifu, na asinisogelee mtu.

Daktari wa ganzi alimtazama Neema. Nadhani alitaka kucheka, ila hakucheka.

"Tukubaliane, bibi," akasema. "Alama tutabandika plasta kama kawaida?"

"Hapana. Shuka husogea. Juliana, funga uzi mwekundu kwenye chuma cha kitanda."

"Na makalio yake?" Mama Gidahoda akadakia kutoka kitandani kwake. "Akisogeza makalio mbele, kisigino kitafika bila goti. Fungeni na uzi wa makalio!"

Neema akacheka waziwazi, na nyuzi zikawa mbili. Uzi wa nyonga ulikuwa mweupe, wa kisigino mwekundu. Kabla ya sindano nikamtaka daktari ampe Juliana chupa aisome kwa sauti. Akaisoma herufi kwa herufi. Majina yale sikuyaelewa, lakini nilimtazama daktari usoni alipokuwa anasomewa, na uso wake haukubadilika.

"Miaka yote hii," alisema, "hakuna mgonjwa aliyewahi kutaka asomewe chupa."

"Labda hukuwasalimu vizuri."

Sindano ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri. Baada ya muda goti likanyamaza, na nikaona woga ukinipanda, kwa sababu niliutazama mguu kama mguu wa mtu mwingine. Neema akaniambia nivute. Kisigino kikaondoka kwenye shubiri yake, kikaenda, kikaenda tena, mpaka goti likasimama juu kama paa la nyumba. Juliana akafunga uzi mwekundu. Siku nzima ile nilivuta kila Neema alipoamuru, na sikuzidisha hata mara moja, nikimkumbuka yule mnyama aliyepandishwa mlima.

Mama Gidahoda alijifanya mlinzi. Muuguzi alipokuja kutandika alimwambia, "Uzi huo usiguse, kuna kesi." Ndugu zake walipomletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaniagizia kikombe, akasema mshitakiwa lazima ale.

Kesho yake karibu na saa sita maumivu yalirudi. Nilingoja mpaka yakakamilika, nikabonyeza pembeni ya goti kwa kidole mpaka nikahakikisha kwamba hakuna mahali pamelala. Ndipo nikasema waitwe. Walikuja wote wawili. Emanuel pia alikuwepo, amesimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Neema alikagua uzi wa nyonga, Mama Gidahoda akaukagua kwa macho, nami nikaanza kuvuta.

Liliuma. Nilipiga kelele, tena ya aibu. Lakini kisigino kilipita mahali pa shubiri bila kusimama, kikaendelea, na kiliposimama kilikuwa vidole viwili tu nyuma ya uzi mwekundu. Njia iliyofunguliwa wakati wa ganzi ilikuwa bado wazi. Wala goti halikuvimba kuliko jana. Juliana alilipima kwa mkanda wa kitambaa.

Wote walinitazama mimi. Aliyesema ni Mama Gidahoda.

"Huyu mnunue," akasema. "Huyu amepita mawe."

Hata daktari wa ganzi alicheka. Mimi nilimwambia alete trei yake.

Nilichomwa mara mbili zaidi, katika siku mbili zilizofuata, na kila mara chupa ilisomwa. Kisha ikatosha, nikaendelea kwa vidonge. Sitaki mtu adhani kwamba nilitoka pale nikiwaamini watu wote. Ila nilimuuliza Neema jambo moja kabla sijaruhusiwa, na nikamkataza kunionea huruma. Nikamuuliza kama zile siku tatu zilinigharimu.

"Zilikugharimu, bibi," akasema. "Ulichokifanya kwa siku tano ungekifanya kwa mbili. Nyumbani utafanya kazi zaidi ya wenzako."

Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Nyuzi za kidonda zilitolewa nikiwa Babati, kwa kuwa barabara ya kwetu ilikuwa imekatika kwa mvua. Nilikaa kwenye chumba kile chenye rangi mpya, begi langu halikufunguliwa. Maharage yaling'olewa bila mimi. Mwezi wa pili baada ya upasuaji nikarudi Gitting. Kazi yangu ikawa kuketi barazani, kisigino juu ya gunia kwenye sakafu ya saruji, nikilivuta na kulisukuma, asubuhi, mchana na jioni, Juliana akihesabu. Siku nyingine goti lilikuwa la moto, na nililala nimelifunika kwa kitambaa cha maji baridi ya mlimani. Siku nyingine lilikataa kabisa na nilimsema vibaya kila aliyepita. Nyama ya paja ilikuwa imenyauka, mguu mmoja mnene na mwingine kama wa kuku. Mahindi yalipokauka mashina, nilitembea kwa fimbo moja hadi zizini.

Kwa anayekwenda kule nitasema hili, na Juliana aandike taratibu. Kushuku si dhambi. Mwili ni wako, na wanaokuja na trei ni wageni. Lakini mimi nilishuku kwa kufunga mdomo, nikaliachia goti langu siku tatu za kuganda. Shaka nzuri huuliza, huomba chupa isomwe, hufunga uzi. Muulize daktari maumivu yako ameyapeleka wapi na yatarudi lini. Akijibu, likunje goti wakati yakiwa hayapo, kiasi unachoambiwa tu, kwa maana muda huo ndio uliopewa.

Emanuel alikuja siku ya mwisho ya mavuno, kama tulivyoafikiana. Alikuja na katekista, na alikuja na gari la mizigo la rafiki yake. Nilikuwa jikoni. Nilipotoka nilikuta godoro langu limekwisha kupakiwa, limefungwa kwa kamba.

"Nilifikiri nipunguze kazi," akasema, bila kunitazama.

Nilichukua fimbo, nikaanza kushuka. Mteremko wetu una njia nyembamba, udongo mwekundu uliolegea, na mashina ya mahindi pande zote. Nilishuka nikiwa nimeelekea mbele. Emanuel alinifuata kwa karibu, nikaisikia pumzi yake, na nilijua bila kugeuka kwamba amenyoosha mikono. Katikati nikateleza kidogo, akashtuka kuliko mimi. Bondeni niligusa maji ya kijito kwa fimbo ili katekista aone kutoka juu, nikageuka.

Kupanda kulikuwa kugumu zaidi. Nilisimama mara tatu.

"Linauma?" Emanuel akauliza.

"Linauma."

"Sasa, mama, kwa nini usi..."

"Linauma na linakunjika. Niliambiwa likunjike. Nani aliweka sharti kwamba lisiume?"

Alinipita pembeni, katikati ya mabua, akapanda haraka mbele yangu, nami nikadhani amekasirika. Nilipofika uani nikitweta, katekista alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatazama ardhi na kutabasamu. Emanuel alikuwa juu ya gari, amepiga magoti, anafungua kamba. Akalishusha godoro, akalibeba kichwani peke yake, akasimama mlangoni kwangu.

"Liingize kwa ubavu," nikamwambia. "Mlango huo ni mwembamba."